Saa ya Wageni

Saa nne hadi saa sita ni saa ya wageni.
Imeandikwa mlangoni kwa lugha tatu,
na chini yake picha ya kaptura
imepigwa mstari mwekundu.

Mimi sina kaptura. Nina buibui langu la kuendea harusi za watu
na viatu nilivyovua kabla sijaambiwa.
"Mama, wanawake ni ngazi ya nyuma, juu."
Nikasema sikuja kusali, nimekuja kutazama.
Kijana akaniangalia kama hesabu isiyotoka,
kisha akanipanga mwisho wa foleni,
nyuma ya Waitaliano kumi na mmoja
waliofungwa leso viunoni.

Basi nikawa mtalii.
Mtalii wa Lamu, mtaa wa Langoni,
aliyelala Mokowe apate basi la alfajiri,
akakaguliwa Gamba, akakaguliwa Minjila,
akaulizwa, "Malindi unaenda kwa nani?"
Nikamtaja binti yangu.
Mimbari haina nambari ya kitambulisho.

Kwetu msikiti umepakana na jiko langu.
Miaka hamsini nimelisikia koo la mwadhini likizeeka,
siku ya mafua yake naijua,
naujua mlio wa kata kwenye birika;
lakini ndani,
ndani nakujua kwa maneno ya wanaume
waliorudi wakisahau kusimulia.

Humu mna baridi ya viyoyozi.
Twaha, ndilo jina linaloning'inia shingoni mwake,
anahesabu kwa Kitaliano na vidole:
nguzo arubaini,
zulia la Uturuki lisilo na mshono,
kandili ya kilo mia tisa.
Wageni wanainua simu, wanasema aaa.
Nami nasema aaa. Kwa nini nisiseme?
Shingo yangu nayo ina haki ya kuuma.

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili:
"Na hii mimbari, mama. Mvule mtupu.
Kazi ya mafundi wa Lamu."

Mafundi! Wengi kama siafu, wasio na jina.
Alikuwa mmoja. Lali Famau,
wa kikohozi cha vumbi na chai isiyo sukari,
aliyeichonga vipande vipande uani kwetu
miezi kumi na minne,
nami nikipiga msasa, nikifukuza kuku
waliotaka kuzipanda ngazi zake kabla ya khatibu.

Mwezi wa kumi akapatwa na mtoto wa jicho.
Hakumwambia tajiri. Akaniita usiku:
"Ndoo, mama Mesaidi. Mato yangu yameingia ukungu.
Uwa la mwisho litie wewe,
mkono wako mwepesi."
"Na wakijua?"
"Mbao haina ulimi."

Nikalitia. Petali nane.
Ya tano ikameguka ncha:
alikohoa, patasi ikateleza.

Ndilo ninalolitafuta sasa,
wenzangu wakipigana picha mbele ya mihrabu.
Ubavu wa kulia, ngazi ya pili, chini,
pale kanzu ya khatibu inapopangusa akipanda.
Wamepaka vanishi nzito, inang'aa kama halua,
lakini ndani yake, hiyo hapo,
ya tano, imemeguka.
Nikanyoosha kidole.

"Tafadhali, mama, usiguse.
Ni kazi ya mkono."

Kidole nikakirudisha ndani ya buibui.
Nikauliza kwa adabu, kama mtalii:
"Na hili ua dogo, kalichonga nani?"
Akainama. Nadhani hakuwahi kuliona.
"Huyu atakuwa mwanafunzi," akasema.
"Limemponyoka kidogo."

Nilicheka, sauti ikapanda hadi kwenye kandili
ikarudi kubwa kuliko ilivyotoka.
Mtaliano mmoja mwenye leso ya maembe
akanipiga picha, akasema chao.

Mlangoni kuna daftari.
Jina. Nchi. Maoni.
Penye jina nikaliandika lake, na langu kando.
Penye nchi, Langoni.
Penye maoni nilikaa na kalamu
mpaka Twaha akaanza kutazama saa,
ndipo nikaandika:
vanishi mmezidisha.